Simu haikufa, routa haikuchoka: pima chaja ikiwa na mzigo

Mama mmoja anayeuza vitenge hapa Birere, sokoni Goma, aliniwekea simu mezani, kioo kikitazama chini. "Fundi, telefone yangu ilikufa. Na wifi ya nyumbani iko inafuata."

Nilimpa kiti, nikamuuliza yale ninayomuuliza kila mtu. Ilianguka? Hapana. Iliingia maji? Hapana. Ilizimaje? Moto, yaani umeme, ulikatika, akatumia tochi ya simu mpaka ikazima yenyewe, akaiweka kwenye droo na kuendelea na kasimu kake ka vitufe. Wiki mbili baadaye akaichomeka. Kimya, hata alama ya betri haikuonekana.

Jibu hilo la droo lilinipa matumaini. Betri ya simu kwa kawaida huandikwa volti 3.7 au 3.8, na ikijaa hufika 4.2, nyingine za siku hizi hufika 4.4. Simu hujizima ikikaribia 3.4, lakini betri haiishii hapo, huendelea kuvuja kidogo kidogo hata simu ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya 3.0, aisi ya chaji, kile kijidude ndani ya simu kinachosimamia chaji, hubadili tabia. Haimwagi tena ampea moja au mbili, huipa betri mkondo mdogo sana, kama mtu aliyetoka kufunga siku nyingi anavyoanzishiwa uji mwepesi. Muda huo wote kioo hubaki cheusi. Mwenye simu husubiri dakika tano, anachomoa, anaomboleza.

Nilimwomba chaja yake mwenyewe, maana ndiyo iliyokuwa ikishtakiwa kichwani mwangu. Nina kamita kadogo ka USB kanakokaa kati ya chaja na kebo, kanaonyesha volti na ampea. Chaja ikiwa peke yake ilisoma 5.1, safi kabisa. Nikachomeka simu: ampea 0.06, volti zikateleza hadi 4.4, kisha ampea 0.00. Sekunde chache, tena 0.06, tena sifuri. Ilikuwa inajaribu kuamka na kila mara inaanguka. Nikaweka chaja yangu na kebo fupi nene. Sasa 0.08, na ikabaki hapo bila kutetereka. Nikaendelea na kazi nyingine. Baada ya dakika arobaini hivi namba iliruka hadi 1.2, na ile betri nyekundu ikatokea kwenye kioo. Sikufungua skrubu hata moja.

Volti zinazosomwa chaja ikiwa haina mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme, hazikuambii kitu. Ni kama kumpima mbebaji nguvu kabla hujamtwika gunia. Hata chukudu mbovu, ule mkokoteni wetu wa mbao, husimama vizuri ikiwa tupu.

Kwa hiyo simu yako ikifa ghafla, kabla hujamletea fundi, badili chaja na kebo, zote mbili, uiache saa nzima bila kuigusa. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde ishirini. Kwenye Android nyingi unabana pamoja na kile cha kupunguza sauti. iPhone kuanzia ya 8 zina mpangilio wake: gusa kuongeza sauti, gusa kupunguza, halafu bana cha pembeni mpaka nembo itokee. Jaribu pia kuipigia. Ikiita huku kioo ni cheusi, basi ugonjwa ni wa kioo, na hiyo ni bei nyingine. Na tazama ndani ya tundu la chaji kwa tochi. Vumbi letu jeusi la volkano hushindiliwa humo na kebo kila siku mpaka linakuwa kama matofali, na kebo haifiki mwisho. Litoe kwa kijiti cha mbao, simu ikiwa imezimwa. Si kwa sindano.

Betri iliyovimba usiichaji hata mara moja. Wapo wenzetu wanaoishtua betri iliyoshuka sana kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja kutoka betri nyingine. Inawaka, ndiyo, na mteja anashangilia. Lakini betri iliyokaa muda mrefu ikiwa imeshuka sana, chini ya volti 2 hivi, shaba inaweza kuwa imeanza kuyeyuka ndani yake, na inaweza kushoti siku yoyote, pengine chini ya mto wako. Mimi naitupa. Na simu iliyoingia maji haihitaji mchele. Mchele upikwe; simu ifunguliwe haraka, betri itolewe, bodi isafishwe kwa spiriti.

Simu iliyokufa kweli ni ile ambayo nikiilisha bodi yake kutoka kwenye pawa saplai ya mezani, inavuta mkondo mkubwa kabla hata sijabonyeza kitufe. Hapo kuna kitu kimeshoti, mara nyingi kapasita, kijidude cha kutunza umeme kidogo, ndogo kuliko punje ya ulezi. Naipaka bodi spiriti, nashusha volti hadi 1, naangalia. Sehemu inayokauka kwanza ndiyo yenye joto, na aliyeshoti yuko hapo. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote, ila hailipi.

Sasa wifi. Mama alisema ni nzuri asubuhi, watoto wakirudi shuleni inazima na kuwaka, inazima na kuwaka. Walikuwa wamekwisha kuambiwa wanunue routa mpya. Nilienda nyumbani kwake, mtaa wa Himbi, na multimita, kipima umeme changu.

Adapta ya routa imeandikwa volti 12, ampea 1. Bila mzigo: 12.1. Routa ikiwa imechomekwa: 9.8. Nikawaambia watoto wafungue video kwenye simu zao, zote tatu kwa pamoja. 8.6, taa zote zikazima, routa ikaanza upya. Kadiri inavyotuma data nyingi ndivyo inavyovuta mkondo zaidi, na adapta ilikuwa haina cha kutoa. Niliipasua: kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa. Moto wetu wa kuja na kwenda, leo juu kesho chini, huzikausha mapema. Adapta nyingine yenye volti zilezile 12 na ampea 1.5, tatizo likaisha. Ampea zikizidi si neno, routa huchukua inazohitaji tu. Volti ndizo zisizobadilishwa, na uhakikishe chanya iko katikati ya pini kama mchoro unavyoonyesha.

Ilibaki sehemu moja ambayo si ya umeme. Routa ilikuwa chumbani kwa mama, nyuma ya sanduku la bati, na chumba cha watoto kiko upande wa pili wa ukuta wa jiwe la volkano mnene kama mkono wangu. Simu yangu ilisoma -48 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, karibu na sifuri ndiyo nguvu zaidi) kando ya routa na -81 kitandani kwa watoto. Kila 10 zinazoongezeka kwenye hiyo hasi ni nguvu kugawanywa kwa kumi, kwa hiyo watoto walikuwa wanapata chini ya sehemu moja kwa elfu. Video hutaka -67 au karibu yake. Bati hurudisha mawimbi, jiwe huyameza, na yale ya gigahezi 5 humezwa zaidi ya ya 2.4.

Lakini hii ni routa ya kadi ya simu, ya 4G, na hapo kuna ugomvi: wifi inataka katikati ya nyumba, rezo, yaani mtandao wa simu, inataka dirishani. Vijiti vya wifi kwenye simu vinahesabu njia ya simu hadi routa tu, havijui lolote juu ya mnara. Nilitembea na routa mkononi kama mtu anayetafuta maji ardhini, na tukaiweka juu ya kabati la sebuleni, karibu na dirisha, mlango wa watoto ukiiona moja kwa moja. Kitandani ikasoma -64. Kwenye mawimbi ya 2.4 nikaihamisha kutoka chaneli 4 kwenda 11, maana chaneli ni kama njia za barabara. Majirani wote walikuwa wamejazana kwenye 1 na 6, na 4 inagombana na zote mbili. Pia nikaichagulia rezo yetu kwa mkono isijichagulie yenyewe, kwa sababu tuko karibu na mpaka na vifaa hupenda kurukia minara ya Gisenyi, ng'ambo upande wa Rwanda. Kwenye simu jambo hilohilo hula betri, jaribu ukikaa sokoni Birere siku nzima.

Nikiwa nakusanya vyombo, mama akaiokota ile adapta ya zamani. "Hii naweza kuitia kwa radio?" Nikamwomba anipe kwanza, nikaukata waya wake karibu kabisa na kichwa, nikamrudishia.

"Ah, fundi!" akasema, akaitupa kwenye ndoo.