Kichezeo cha mota kwa paka ni nini, na usalama wake unatoka wapi

Kichezeo cha mota ni kifaa kidogo cha betri kinachosogea chenyewe ili mnyama wa nyumbani akifukuze, akikamate na kuking'ata. Ndani yake kuna mota, gia au mkanda, betri, swichi, na mara nyingi kijikompyuta kinachoamua kianze lini na kinyamaze lini. Hapa Tanga vitu hivi viko karibu na mikono yetu. Mafundi redio wanatoa mota kwenye deki mbovu, na paka wamejaa kila baraza la Ngamiani. Kinachokosekana ni kuelewa kifaa hicho kina kazi gani. Kazi yake ni kuwa windo, na windo ni kitu kinachoweza kushindwa. Nitasema zaidi juu ya paka, kwa sababu ndiye anayeingia ndani katika nyumba nyingi za Pwani. Mbwa wengi wa huku hukaa nje, kazini kwenye ulinzi.

Paka ana hatua zake: huona, hunyatia, huchuchumaa, huruka, hushika kwa makucha, kisha hung'ata. Panya naye hamwendei paka. Hukimbia kumwacha, au hukatiza mbele yake, husimama ghafla, huingia chini ya kabati. Ndiyo maana kigari kinachomjia paka usoni humtia hofu, na kile kinachozunguka duara moja bila kupumzika humchosha upesi. Kijiti kinachopita chini ya kanga kuukuu, kikasimama, kikatokeza ncha upande wa pili, kitamshika kuliko kigari cha bei mbaya. Rangi usiitolee fedha. Paka huona mwendo vizuri kuliko rangi, na nyekundu haimwambii mengi.

Taa ya leza ina upungufu hapa. Paka hufukuza na kuruka, lakini hapati cha kubana, na ile hatua ya mwisho haifiki. Ukiitumia, malizia kwa kitu anachoweza kukishika, au dagaa mmoja.

Watu wengi hulalamika kwamba paka alicheza siku ya kwanza tu. Mwaka 2002 watafiti watatu nchini Uingereza, Hall, Bradshaw na Robinson, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba paka akipewa kichezeo kilekile tena na tena hupunguza kukichezea, na akibadilishiwa hamu hurudi. Alikuwa hajachoka kucheza. Alikuwa amekizoea kile kitu. Kwa mtengenezaji, maana yake ni kwamba kichezeo kiwe na ngozi ya nje inayovuliwa na kubadilishwa, kikae kimya kwa vipindi visivyotabirika, na kijizime baada ya dakika 5 hadi 10. Kinachozunguka mchana kutwa kinageuka kuwa sehemu ya samani.

Sasa tufike kwenye mota yenyewe. Mota ndogo ya volti 3 hadi 6 ikizunguka kwa uhuru hula umeme kidogo, kwa kuwa mzunguko wenyewe huzalisha volti ya kinyume inayozuia umeme mwingi usiingie. Paka akiubana mkia wa kichezeo na mota ikakwama, kizuizi hicho hutoweka. Umeme unaoingia hupanda mara kadhaa na wote hugeuka joto ndani ya waya. Ikiachwa hivyo mota huungua, plastiki hulainika, betri hupata moto.

Kichezeo kilichofikiriwa vizuri hulichukua ongezeko hilo kuwa habari: ameshika! Kijikompyuta hupima umeme kupitia rezista ndogo, kipande kinachouzuia umeme kidogo, na ukipanda kinakata papo hapo. Kinatulia. Baada ya muda kinatikisika kidogo, mfano wa mnyama anayejaribu kuponyoka, na paka anakibana upya. Kitendo hicho kimoja kinazuia moto na kinampa paka ushindi. Hapa ndipo ninapoona watengenezaji wengi wanapotea: wanatafuta mota yenye nguvu zaidi, wakati paka anahitaji mota inayokubali kushindwa. Kama huna kijikompyuta, weka fyuzi inayojirudisha, ile inayokata ikipata joto na kurudi ikipoa.

Gia zinahitaji tahadhari. Ile mota ya njano yenye gia ya 1:48 (mota huzunguka mara 48 ili ekseli izunguke mara moja), inayouzwa sana pamoja na vifaa vya Arduino, vile vijikompyuta vya kujitengenezea vifaa, ina mwendo wa taratibu unaofaa, lakini gia ikipunguza kasi huongeza nguvu ya kuzungusha. Manyoya ya mkia au ukucha ukinaswa kwenye ekseli, haitaachia kirahisi. Mimi ningechagua mkanda wa mpira, wa aina inayozungusha redio kaseti, kwa sababu ukizuiwa huteleza. Waliosikiliza taarabu za kaseti wanaujua mkanda uliolegea ulivyoburuta sauti. Kwenye muziki ilikuwa kero. Kwenye kichezeo ndiyo sifa tunayoitaka. Kumbuka tu kwamba mkanda ukiteleza umeme hupanda kidogo, kwa hiyo kiwango cha kukatia kitafutwe kwa kujaribu.

Kuna sauti pia. Ili kupunguza kasi, kijikompyuta huwasha na kuzima umeme wa mota mara nyingi kwa sekunde. Kwenye Arduino Uno ni kama hezi 490, yaani mara 490 kwa sekunde, katika pini nyingi za kazi hiyo, na mota hulia mlio mwembamba tunaousikia. Fundi huupandisha mlio mpaka juu ya kilohezi 20, sikio la binadamu linapokoma, akaona kimya. Lakini paka husikia hata kupita kilohezi 60. Kwake kelele imebaki palepale. Njia rahisi ni kupata mwendo wa taratibu kwa volti ndogo na mkanda, na kutazama masikio yake: yakilala nyuma, kitu kinamuudhi.

Mkoa wetu umelima mkonge tangu 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na mtu wa Tanga akitaka kamba mkono wake huenda kwenye katani. Kuivingirisha kwa kubana na gundi juu ya gamba la kichezeo, ni nzuri sana, paka hupenda kuikwaruza. Kuiacha ining'inie kama mkia ni hatari. Ulimi wa paka una vimiiba vilivyoelekea nyuma, hivyo uzi ukiingia ni vigumu kuutema. Ukishuka, utumbo hujikunja juu yake, na uzi unaweza kuukata utumbo. Mkia uwe mfupi, mpana, wa kitambaa kilichoshonwa pembeni. Ukiona uzi unatokeza mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Betri za kifungo, zile ndogo bapa za duara, zisitumike kabisa. Ya volti 3 ikikwama kooni huunguza nyama, na kwa watoto madhara makubwa yameonekana ndani ya saa 2. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo zisiwemo, maana mbili zikimezwa huvutana kupitia kuta za utumbo. Tumia betri za AA, ndani ya kisanduku chenye skrubu. Upepo wa bahari wa Raskazone huotesha kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri, kwa hiyo vipake grisi na vikague. Kwa mbwa, betri ya lithiamu yenye ganda laini ni hatari kubwa, kwani jino likiitoboa huwaka.

Kwa ukubwa wa vipande, azima kipimo cha vichezeo vya watoto cha Marekani: bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7. Kinachoingia humo, kisiweze kubanduka.

Kabla ya kumpa paka, zuia mkia wa kichezeo kwa kidole chako kidogo. Kikiuma, punguza nguvu. Kisha kifunge kisizunguke kwa dakika 10, huku ukikilinda, na uguse mota. Isiwe ya kuunguza. Paka akiogopa, kiache sakafuni siku nzima bila betri akinuse, halafu anza kwa mwendo wa chini kabisa, nawe ukiwa hapo.