Mafuta ya zeituni: kwanza niambie shamba liko wapi

Kazi yangu ni kupima athari za mazao kwa mazingira, na kuhusu mafuta ya zeituni huwa naulizwa swali lilelile: lita moja inaharibu kiasi gani? Nikijibu kwa tarakimu moja nitakuwa nimekudanganya. Mti ni uleule, ila mashamba yake hayafanani hata kidogo.

Tuanze Sfax, Tunisia. Mvua ya huko ni kama milimita 200 tu kwa mwaka. Kwetu hakuna anayethubutu kupanda mahindi kwa mvua hiyo. Hata hivyo mizeituni ya aina ya Chemlali imetanda hadi macho yanapoishia. Siri ni nafasi: kutoka mti hadi mti ni mita 24, yaani miti kama 17 kwa hekta. Mizizi husambaa mbali kutafuta unyevu, na udongo wa katikati hupaliliwa juujuu ili magugu yasinyang'anyane maji na mti. Mavuno ni haba, na mwaka wa ukame hali huwa mbaya. Lakini mti unaishi kwa mvua.

Vuka sasa hadi Alentejo, kusini mwa Ureno. Bwawa la Alqueva lilianza kujazwa mwaka 2002, na maji yake yakavuta mashamba mapya ambako miti 1,500 hadi 2,000 hubanana kwenye hekta moja kama ua wa michongoma. Hupandwa aina zisizokua sana, hasa Arbequina, ili mashine ipite juu ya safu ikikung'uta matunda, huku mipira ya matone ikipeleka maji na mbolea kwenye kila shina. Mashine hizo zikifanya kazi usiku, ndege waliolala matawini huvunwa pamoja na zeituni. Jirani zao wa Andalusia, Uhispania, walisimamisha uvunaji wa usiku mwaka 2019.

Hapa ndipo hesabu ya "kwa lita" inapopotosha. Shamba lililobanana hutoa mafuta mengi mno kwa hekta, kwa hiyo ukigawanya mbolea na dizeli kwa lita, linaweza kuonekana safi kuliko la mkulima maskini wa mvua. Maji ya chini ya ardhi hayajui hesabu hiyo. Kwenye bonde la Río Aguas, Almería, kusini mwa Uhispania, karibu na jangwa la Tabernas, visima vya mashamba ya zeituni vinavuta kuliko mvua inavyorudisha, na chemchemi ya bonde imepungua vibaya. Kwangu mimi, kupanda zeituni za kumwagilia mahali kama pale ni uharibifu, hata lita ziwe nyingi namna gani.

Msidhani lakini mashamba ya kizamani ni malaika. Mkoa wa Jaén, Uhispania, una mizeituni zaidi ya milioni 60, mingi ikiwa kwenye miteremko mikali, na kwa miaka mingi shamba zuri lilikuwa lile lenye udongo mtupu, uliolimwa kwa trekta au kupigwa dawa ya magugu. Mvua kubwa ikinyesha, udongo unateremka nayo. Tazama shina la mti mzee huko: mara nyingi limekaa juu ya kilima kidogo cha udongo, mfano wa kichuguu, mizizi ya juu ikiwa nje. Kilele cha kilima kile ndicho usawa wa ardhi ulipokuwa zamani. Dawa yake ni rahisi: acha majani yaote kati ya safu wakati wa baridi, uyafyeke baridi inapoisha kabla hayajaanza kunywa maji ya mti. Ila usimpelekee ushauri huo mkulima wa Sfax. Majani yatamaliza unyevu kidogo alionao.

Kisha kuna kinu cha kukamulia mafuta. Tangu miaka ya 1990 vinu vya Uhispania vingi vimehamia mtambo unaotumia maji kidogo na kuacha mashudu mabichi. Mtambo wa zamani, ambao bado umeenea Tunisia, huongezewa maji na kutoa majimaji meusi yaitwayo margine, yenye kemikali ziitwazo fenoli zinazoua mimea na samaki yakiingia mtoni. Italia, kwa sheria ya mwaka 1996, inaruhusu yamwagwe shambani kwa kipimo: mita za ujazo 50 au 80 kwa hekta, kutegemea aina ya kinu. Sfax huyaweka kwenye mabwawa ya wazi yakaushwe na jua, na harufu yake si mchezo. Kwa hiyo wale niliowasifu kwa maji ya shambani, kinuni nawapunguzia alama.

Dukani, chupa haikusaidii sana. Iliyofungwa Italia inaweza kuwa na mchanganyiko wa mafuta ya Uhispania, Ugiriki na Tunisia. Mimi hutafuta inayotaja mkoa. Hapo angalau naweza kukisia maji yake yametoka wapi.