Nyumba ya zamani "iliyokarabatiwa kisasa": maana yake kwa mnunuzi wa Tabora

Dalali anaposema nyumba ya zamani imekarabatiwa kisasa, inapaswa kumaanisha kwamba kuta na umbo la awali vimebaki, ila vinavyochakaa vimebadilishwa: paa, nyaya, mabomba, mfumo wa majitaka. Rangi mpya, vigae na dari la jipsamu ni mapambo, na mara nyingi ndiyo yanayoficha ubovu.

Kuta ndizo zinazoharibiwa zaidi na ukarabati wenyewe. Nyumba za zamani za Tabora zenye kuta nene za matofali ya udongo mara nyingi hazina nailoni ya kuzuia unyevu kwenye msingi. Ukuta hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Fundi akiuvika plasta ya saruji, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, chumvi nyeupe hutokeza, rangi hubanduka, na plasta huachia vipande vipande. Gonga kwa kifundo cha kidole kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Panapolia uwazi, imeshaachia. Kuongeza saruji ni kuzidisha tatizo. Inabanduliwa, udongo wa nje uliozidi kimo cha sakafu unashushwa, ukuta unaachwa ukauke wiki kadhaa, kisha inapigwa lipu ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Nenda ukague kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwepo. Mwezi wa nane kila ukuta wa Tabora unaonekana mzima.

Mabati ya msauzi yanayong'aa hayakuambii hali ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa. Panda darini na tochi. Kenchi za mninga huvumilia mchwa. Mbao laini zilizochomekewa baadaye hazivumilii. Sukuma bisibisi pale kenchi inapolala juu ya ukuta, na ikizama, mbao imeliwa. Kuhusu mabati, geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba yake ni ndogo.

Mita ya LUKU si ushahidi kwamba nyaya za ndani ni mpya. Mwambie fundi umeme azime swichi kuu na afungue soketi moja: waya uwe wa milimita za mraba 2.5, na wa eathi uwepo. Mpira wa waya ukimegeka mkononi, nyumba nzima inahitaji nyaya mpya, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Kwa maji, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja. Moja likikauka, huenda mabomba ya chuma yamejaa kutu.

Hati nayo huzeeka. Hatimiliki hutolewa kwa muda, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, hivyo nyumba ya zamani inaweza kuwa imebakiwa na michache. Fanya upekuzi wa hati, yaani uhakiki wa kumbukumbu zake, ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza wa muuzaji. Ipate kwa maandishi.