Kuunganisha majedwali ya kanzidata mbili ni nini?

Msimu wa korosho, mkulima wa Newala hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, kisha mzigo huenda ghala kuu kusubiri mnada. Tuseme chama kina kanzidata, yaani hifadhi ya data iliyopangwa kwenye kompyuta, yenye jedwali la wanachama: namba, jina, akaunti ya benki. Ghala nalo lina kanzidata yake, yenye jedwali la mizigo: namba ya mwanachama, kilo, daraja. Nani alipwe kwa kilo ngapi? Chama peke yake hakijui, ghala peke yake halijui. Ulizo moja, yaani swali unaloiandikia kanzidata, linalosoma pande zote mbili na kulinganisha namba ndilo kuunganisha majedwali ya kanzidata tofauti.

Edgar Codd wa IBM alipoeleza mfumo wa uhusiano, yaani wa kupanga data kwa majedwali, mwaka 1970, alitaka data zihusiane kwa thamani zilizoandikwa ndani yake, si kwa mahali zilipowekwa. Ndiyo maana jambo hili linawezekana. Kama kanzidata zote mbili ziko kwenye seva moja ya MySQL, programu ya kuendesha kanzidata, unatanguliza jina la kanzidata na nukta:

SELECT w.jina, m.kilo
FROM chama.wanachama w
JOIN ghala.mizigo m ON m.namba = w.namba;

Hapo w na m ni vifupi vya majedwali hayo mawili, na JOIN huoanisha mistari yenye namba sawa. PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, haikubali hivyo. Ukishaingia kanzidata moja, ya pili huioni mpaka utumie nyongeza kama postgres_fdw, inayoleta jedwali la mbali lionekane kama la hapo hapo. Kama zote ni zako, mimi ningeziweka kwenye kanzidata moja yenye skima mbili, yaani mafungu mawili ya majedwali ndani yake. Na seva zikiwa mbali, moja Newala na nyingine Mtwara mjini, chuja msimu mmoja kwanza, la sivyo mistari ya miaka yote inaweza kusafiri mtandaoni bure.

Lakini kazi ngumu iko kwenye ufunguo, yaani ile namba. Chama kimeandika 00417 kama maandishi, ghala limeandika 417 kama tarakimu. Kwa macho yako ni mtu mmoja. Kwa kompyuta huenda wasikutane kabisa, au ulizo likatae. Ukikimbilia majina ni hatari zaidi. Wakiwepo akina Hamisi Issa wawili chamani, kila mmoja na mzigo wake ghalani, kuunganisha kwa jina kunatoa mistari minne: kila Hamisi anapewa kilo zake na za mwenzake. Hakuna onyo lolote linalotokea.

Tena JOIN ya kawaida humwacha nje asiye na mwenzake upande wa pili. Mkulima ambaye namba yake ilikosewa ghalani hatokei kwenye orodha, na akikosa kwenye orodha hatalipwa. Tumia LEFT JOIN ukianzia na wanachama: kila mmoja atabaki, na asiyepatikana, nafasi yake ya kilo itakuwa tupu. Hiyo mistari isiyo na kilo ipelekwe kwa mtunza ghala, mmoja mmoja, kabla benki haijapewa orodha.