"Endelevu" maana yake nini hasa?

Pembeni ya barabara ya kupanda kwetu Kirua Vunjo, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kuna kibao cha chuma kilichopinda. Rangi imebabuka na maneno yanayosomeka yamebaki mawili: "mradi endelevu". Ulikuwa mradi wa nini, hakuna mwenye uhakika. Wazee wanasema wa maji, vijana wanabisha kuwa ulikuwa wa miche ya miti. Kila nikipita hapo nacheka, halafu najiuliza kama sisi wenyewe tunaolitamka neno hilo kila siku tunajua tunasema nini.

Kwenye sarufi halina ugumu. Ni kitenzi "endelea" kilichopewa mkia wa -vu, kama "vumilia" ilivyozaa "vumilivu" na "sikia" ikazaa "sikivu". Msikivu ni mwenye tabia ya kusikia, kwa hiyo kilicho endelevu kina tabia ya kuendelea. Ndiyo maana wengi wetu tukilisikia tunaelewa "kinachodumu", na watu wa miradi wanalibana zaidi: shughuli itakayobaki hai mfadhili akishaondoka. Maana hizo zina ukweli, ila zimeishia njiani. Mtu anaweza kuchoma mkaa miaka 30, akajenga, akasomesha, biashara yake ikadumu vizuri tu. Kilichokwisha ni msitu, na mjukuu wake hatakuwa na cha kuchoma wala kivuli cha kukaa.

Maana inayotumika duniani leo ilitolewa mwaka 1987 na tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, Waziri Mkuu wa Norwei wakati huo. Kwa lugha yetu: ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya walio hai leo bila kuwanyima watakaozaliwa kesho uwezo wa kukidhi ya kwao. (Mwaka huohuo, kwa sadfa tu, Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.) Baadaye, mwaka 2015, nchi zikakubaliana malengo 17 ya kufikiwa ifikapo 2030, yale yenye vimraba vya rangi ambavyo umewahi kuviona kwenye fulana za semina.

Wataalamu hupenda kusema dhana hii ina nguzo tatu: uchumi, jamii na mazingira. Mimi naona mafiga. Mawili hayainjiki chungu. Kiwanda chenye faida na ajira kinachomwaga sumu mtoni kimeinjika chungu kwenye mafiga mawili, na msitu unaolindwa kwa bunduki huku wanaouzunguka wakilala njaa nao uko hivyohivyo. Ajabu yake ni kwamba mafiga ndiyo tunayoambiwa tuyaache, kwa sababu ya moshi. Nitayarudia.

Kwa mtu wa Moshi, mfano ulio karibu kuliko ripoti yoyote ni kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Juu kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hatembei shambani, yuko bandani anakatiwa majani na migomba iliyokwisha kuzaa, na samadi yake inarudi kwenye mashina. Maji yanakuja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni, na kila ukoo una zamu yake. Mpakani yamepandwa masale. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Udongo umelishwa na umelisha, kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyeuita endelevu.

Lakini nisije nikaonekana naimba sifa za wazee. Kihamba cha babu yangu kiligawanywa kwa watoto wa kiume, na wao wakawagawia wa kwao, hadi kipande changu ukisimama katikati unaweza kumpa mtu wa mpakani chumvi bila kunyoosha sana mkono. Kahawa ikishuka bei watu wanaing'oa. Udongo bado uko vizuri. Figa la uchumi ndilo lililopasuka, na chungu kimeinama.

Teknolojia safi ni jambo dogo kuliko hayo yote, na hapa ndipo watu wanapoichanganya na uendelevu. Ni kifaa au njia ya kufanya kazi ileile kwa moshi, taka, maji au nishati kidogo kuliko ilivyokuwa. Sola, jiko banifu, umwagiliaji wa matone, pampu ya jua, bajaji ya umeme. Kifaa kinaweza kuwa safi kabisa, na bado maisha yanayokizunguka yasiwe endelevu.

Mama mdogo wangu ana mtambo wa biogesi. Kila asubuhi anabeba ndoo za samadi mpaka kwenye beseni la saruji lililo mdomoni mwa mtambo, anamimina maji ya kipimo kilekile, halafu anavuruga kwa mkono hadi uji usiwe na mabonge. Majani marefu anayaokota na kuyatupa, kwa sababu yakiingia huelea na kuganda juu kama ukoko. Anachomoa kizibo, uji unateremka ndani ya tumbo la tofali lililozikwa ardhini. Mle hamna hewa. Bakteria wasiohitaji oksijeni wanaumeng'enya na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, inajikusanya chini ya kuba na kupita kwenye bomba hadi jikoni. Moto wake ni wa buluu, sufuria haishiki masizi. Tope linalotoka upande wa pili, ambalo halinuki kama samadi mbichi, linateremka lenyewe kwenye migomba. Mitambo ya aina hii ina historia Arusha: CAMARTEC, kituo cha serikali kilichoanzishwa mwaka 1981, kilishirikiana na Wajerumani miaka hiyo ya 1980 kuiboresha iwafae wafugaji wa ng'ombe wa bandani.

Ni safi? Hilo halina ubishi. Ni endelevu? Muulize ng'ombe. Jirani yake wa chini aliuza ng'ombe wawili kulipa ada ya chuo ya mwanawe, na mtambo wake, mzima kabisa, bila ufa hata mmoja, sasa umefunikwa na majani ya maboga. Siwezi kumlaumu. Lile figa la uchumi tena.

Mjini mambo yanabadilika sura. Pale Soko la Mbuyuni nina mama ntilie wangu, na siku moja nilimwuliza kwa nini hahamii kwenye gesi, macho yake yakiwa mekundu kwa moshi wakati nauliza.

"Kaka, mkaa nanunua kwa kopo," alinijibu huku akigeuza chapati. "Gesi nani ataniuzia kwa kopo?"

Jibu hilo lina somo zima la uchumi ndani yake. Yeye anapata hela ya leo na anaitumia leo. Mkaa unapimwa kulingana na mfuko wake, japo kwa mwezi mzima huenda anatoa nyingi zaidi. Mtungi, hata ule mdogo wa kilo 6, unadai hela ya siku nyingi kwa mkupuo. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na kwa maoni yangu utafika au utakwama hapo hapo kwenye kopo. Ndiyo maana zile mita zinazofungwa kwenye mtungi ili mtu alipie kwa simu kiasi alichonacho zinanivutia kuliko majiko mapya. Gesi ni ileile, kilichobuniwa ni namna ya kulipa. Taa nyingi za sola zilifika vijijini kwa mtindo huohuo wa kulipa kidogo kidogo.

Kwa biashara kubwa, tazama kusini ya mji, Arusha Chini, kwenye kiwanda cha sukari cha TPC. Muwa ukishakamuliwa yanabaki makapi. Yanachomwa kwenye boila, mvuke unaendesha mashine na kuzalisha umeme, na umeme unaozidi unauzwa kwa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Taka ya mchana inawasha taa usiku. Hapo usafi na faida vimekaa kwenye kikapu kimoja, ndiyo maana jambo lenyewe limedumu bila semina.

Kuna na upande wa pili. Niliwahi kulala kwenye hoteli moja ya watalii, siitaji, iliyoweka kadi kitandani ikiniomba nisibadilishe taulo ili tuiokoe theluji ya Kilimanjaro. Jenereta la dizeli lilinguruma nyuma ya dirisha langu hadi asubuhi. Huko ni kupaka rangi ya kijani, yaani kujionyesha rafiki wa mazingira kwa maneno tu, na kipimo chake ni rahisi: uliza ni gharama gani mwenye biashara ameibeba mwenyewe, na ipi amemsukumia mgeni. Sola nayo ina swali lake. Betri ya risasi iliyokufa ikitupwa kwenye migomba, uchafu umehama tu kutoka angani kwenda kwenye udongo tunaolima magimbi. Muuzaji ambaye hachukui betri chakavu amekuuzia nusu ya teknolojia safi.

Sasa yale mafiga. Jikoni kwa mama mdogo moto wa buluu unapika chai, ugali na mboga. Lakini mwezi wa saba, ukungu ukishuka na baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, bakteria nao wanazubaa na gesi inakuwa hafifu. Na mbege, pombe yetu ya ndizi ya sherehe, haipikwi kwenye biogesi. Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi kwenye chungu ambacho hakiwezi kukaa juu ya jiko lile dogo. Mafiga bado yapo, nyuma ya banda, yameezekewa bati moja la zamani.

"Haya sitoi," aliniambia nilipoyatazama. "Ukioa, utakuja kuyaulizia."