Kwa nini kufungua dirisha mvua ikinyesha kunaweza kukausha nyumba?

Mahali ambapo majira ya baridi si makali, yale ya mvua nyingi na theluji haba, watu wengi huiandaa nyumba kwa kuiziba. Nyufa zinajazwa, milango inawekewa mpira, madirisha yanafungwa mpaka jua lirudi. Hoja yao inaeleweka: nje kumelowa, ndani kukavu, basi ya nje yabaki nje. Wiki chache baadaye vioo vinatoka jasho kila asubuhi na nyuma ya kabati ukuta umeota madoa meusi ya kuvu. Wa kwanza kulaumiwa ni paa. Fundi anapanda, anakagua, anashuka: halivuji.

Mara nyingi maji hayo hayakutoka kwenye mvua hata kidogo. Yametoka kwa wenye nyumba.

Kinachowapoteza watu ni asilimia. Utabiri ukisema unyevu wa nje ni 95%, na kipima unyevu sebuleni kinasoma 65%, mtu ataapa kwamba hewa ya nje ina maji mengi zaidi. Lakini asilimia hiyo haihesabu maji. Inaeleza tu mvuke umekaribia kiasi gani kikomo chake, na kikomo chenyewe hupanda na kushuka pamoja na joto. Kwenye nyuzi 8 za Selsiasi, mita moja ya ujazo hujaa ikiwa na takriban gramu 8 za mvuke. Kwenye nyuzi 20 hujaa kwa gramu 17 hivi, zaidi ya mara mbili.

Fikiria mabasi mawili. La nje, la nyuzi 8, lina viti 8, na karibu vyote vimekaliwa. Hiyo ndiyo 95%. La ndani, la nyuzi 20, lina viti 17 na abiria 11. Hiyo ndiyo 65%. Anayetazama nafasi zilizobaki atasema basi la nje limejaa kuliko la ndani, na atakuwa sahihi. Anayehesabu vichwa atakuta watu wengi zaidi wako ndani. Sasa fungua dirisha. Abiria 11 wanatoka, wasiofika 8 wanaingia, na hewa hiyo mpya ikishapata joto la chumba viti vinaongezeka hadi 17. Basi lililoonekana kufurika sasa halijafika hata nusu: kipimo kitasoma karibu 45%, mvua ikiendelea kunyesha palepale nje.

Kinyume chake ndicho kinachotokea kwenye kioo. Hewa ya ndani inayogusa kioo chembamba chenye baridi inapoteza viti kimoja baada ya kingine. Ikishuka hadi nyuzi 13 hivi, vilivyobaki ni 11, sawasawa na abiria waliopo. Ikishuka zaidi, kuna wanaolazimika kuteremka, na wanateremka hapo hapo kwenye kioo, wakiwa matone.

(Mfano huu una kasoro moja ya kupendeza. Viti si vya hewa. Mwanzoni mwa karne ya 19 John Dalton alionyesha kwamba mvuke hufuata joto karibu kana kwamba hewa haipo. Tunasema hewa “inabeba” unyevu kwa mazoea tu.)

Kosa la kutafuta maji juu ni la zamani. Kwa muda mrefu watu walibishana kama umande huanguka kutoka angani au hupanda kutoka ardhini. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells alichapisha insha akieleza kwamba jani hupoa kwanza, kuliko hewa iliyolizunguka, ndipo mvuke uliopo unapogeuka maji juu yake. Kioo cha chumba cha kulala kinafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba mvuke wake una wenyewe wanaojulikana kwa majina.

Maana watu wawili wakilala usiku kucha huachia, kwa pumzi na ngozi, takriban nusu lita ya maji. Nguo zilizofuliwa na kuanikwa ndani zinaweza kuachia lita mbili. La ajabu kuliko yote ni hita ya mafuta ya taa isiyo na bomba la kutolea moshi: kila lita moja ya mafuta inayoungua hutoa zaidi ya lita moja ya maji. Hidrojeni ya kwenye mafuta inachukua oksijeni ya chumbani, na zao lake ni maji. Anayeiwasha ili kukausha chumba anakimwagilia. Na gesi zake nyingine ni sababu ya pili, nzito zaidi, ya kutoifungia ndani.

Wapo wanaokubali haya yote lakini wanaogopa kupoteza joto. Hofu hiyo ina ukweli kidogo. Hewa ya chumba cha mita 4 kwa 4 ina uzito usiofika kilo 50, ilhali kuta za tofali zinazokizunguka zina uzito wa tani kadhaa. Joto kubwa limekaa kwenye kuta. Ukifungua madirisha mawili yanayoelekeana, wazi kabisa, kwa dakika tano hadi kumi, hewa inabadilika kabla kuta hazijapoa. Dirisha lililoachwa wazi upenyo mdogo kutwa nzima ndilo lenye hasara: linapoza ukuta uliolizunguka, na ukuta uliopoa ndio unaokusanya matone.

Hapa tahadhari inahitajika, na inahusu majira haya haya yasiyo makali. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri hewa haina zaidi ya gramu 2 na ushei za mvuke; dirisha lolote hukausha. Lakini siku ya mvua yenye nyuzi 15 nje, mvuke unafika gramu 12 kwa mita ya ujazo. Dirisha likifunguliwa kwenye nyumba yetu ya abiria 11, wanaongezeka. Kwa hiyo cha kutazama ni tofauti ya joto kati ya ndani na nje kuliko mawingu. Nyumba isiyopashwa joto nayo haifaidiki sana, kwa kuwa hewa inayoingia haipati viti vipya. Huko ni afadhali kuuzuia mvuke kwenye chanzo: kifuniko juu ya sufuria, feni ya kutolea hewa bafuni, nguo zianikwe kibarazani.

Kuvu haisubiri matone. Inatosha unyevu kwenye uso wa ukuta ukae juu ya 80% hivi kwa muda, ingawa kikomo hicho hutofautiana kulingana na aina ya kuvu, rangi na plasta. Nyuma ya kabati ukuta hupoa zaidi kwa sababu kabati linaukinga na joto la chumba. Kulisogeza sentimita 5 hadi 10 ni kazi ya dakika moja, na huzidi dawa nyingi za kupaka.

Mvua yenyewe nayo si ya kupuuzwa. Milimita 20 juu ya paa la mita 100 za mraba ni lita 2,000, na mfereji wa paa ulioziba kwa majani unaweza kuzimwaga nyingi kwenye ukuta mmoja. Doa linalotokea baada ya mvua ya upepo, upande mmoja wa nyumba, likiwa na ukingo wa kahawia, ni la kumwita fundi. Kuhusu unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, wataalamu wa majengo wanabishana hadi leo ni wa kawaida kiasi gani.

Ukishindwa kutofautisha, bandika karatasi ya aluminiamu ukutani, uzibe kingo zake kwa utepe, uiache siku mbili. Matone upande wa chumbani yanaelekeza kwenye hewa, matone nyuma yake yanaelekeza kwenye ukuta. Si ushahidi wa mwisho, lakini jaribio hili lifanyike kabla ya kununua rangi ya kuzuia maji. Rangi hiyo ikipakwa kwenye ukuta ambao tayari umelowa, inaufungia maji ndani.