Dawa Nzuri, Lakini Haimo Kwenye Orodha

Mwanafunzi anayekaribia kuhitimu famasia akija ofisini kwangu kuulizia kazi ya uwakilishi wa kampuni za dawa, namtangulia kwa swali: unadhani utakuwa unamshawishi nani? Karibu wote hujibu, daktari. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kabla ya kuingia ualimu nilitembeza mkoba wa dawa katika jiji hili la Dar es Salaam. Kulikuwa na hospitali moja binafsi wilayani Kinondoni niliyoijua kama sebule yetu. Foleni ya wagonjwa wa nje ilipungua saa nane mchana, dada wa mapokezi alitaka asalimiwe kwanza ndipo aulizwe kama daktari yupo, na benchi la mlangoni kwa daktari lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nililikalia benchi hilo miezi mitatu kwa ajili ya dawa moja ya shinikizo la damu. Mwezi wa nne daktari akakubali, na siku hiyohiyo akamwandikia mama mmoja wa makamo. Nikamsindikiza yule mama kwa macho hadi dirisha la dawa.

Mtoa dawa akasoma cheti, akabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa. "Mama, hii bima hailipi. Nimpigie daktari akubadilishie, au utaongeza hela?" Mama akafungua pindo la khanga, akahesabu, akalifunga tena. "Mpigie tu, mwanangu." Akaondoka na dawa nyingine ya shinikizo, amlodipini ya kawaida, ambayo kusema kweli ilimfaa vizuri. Mimi nikabaki na ujumbe wa bosi kwenye simu: leo maboksi mangapi?

Kilichonipata pale dirishani kina historia ndefu kuliko benchi lile. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1973 iliyohimiza mashirika ya kusimamia matibabu ya wanachama wake ilisaidia kumpa mlipaji sauti mbele ya daktari. Leo kampuni za bima za huko hupanga dawa kwa madaraja, na kadiri daraja linavyopanda ndivyo mgonjwa anavyochangia zaidi. Dawa nyingine hazilipiwi bila kibali, au mpaka mgonjwa ajaribu kwanza ile ya bei nafuu.

Kwetu Tanzania mambo yamepita njia nyingine lakini yamefika karibu na palepale. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001. Una kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma unazozilipia, na ndani yake mna dawa na bei zake. Nyuma ya kitita kuna Mwongozo wa Matibabu wa Taifa na Orodha ya Dawa Muhimu, inayozigawa dawa kwa ngazi ya kituo: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D rufaa ya mkoa, na S hospitali za kibingwa. Kwa hiyo dawa yako inaweza kuwemo kwenye orodha na bado ikawa haitakiwi pale ulipoketi. Mwakilishi anayehangaika na dawa ya ngazi ya S kwenye kituo cha afya cha Mbagala anapoteza nauli ya daladala.

Halafu kuna hesabu ya mwenye hospitali. Chukua mfano wa kubuni: bima inalipa shilingi 200 kwa kidonge. Chako anakinunua 350, na kingine chenye dawa ileile, kilichosajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kinapatikana Kariakoo kwa 90. Hata umpe semina ya wiki nzima hawezi kukuchagua. Atauliza jambo moja tu: nani atanilipia hiyo tofauti?

Hapo ndipo wawakilishi wengi huteleza na kuanza kunong'ona kwamba cha bei ndogo ni hafifu. Kunong'ona hivyo bila ushahidi ni uongo. Mamlaka yetu ya dawa, ikiwa bado inaitwa TFDA, mwaka 2018 ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, yaani mfumo wake wa kudhibiti dawa ni imara na unafanya kazi vizuri. Mwenye ushahidi kwamba dawa fulani ni mbovu aupeleke TMDA, sio kwenye korido.

Upande wa serikali, mlango ni mwembamba zaidi. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa, MSD. Kikikosa, kinaenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo vya mkoa huo, mfumo ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambaa nchini. Daktari anayekupenda hana nafasi kubwa katika mzunguko huo. Anayeamua ni kamati, nayo inataka ushahidi na bei.

Kinachonikera ni kwamba mlipaji amebadilika lakini malengo ya mauzo hayajabadilika. Kijana bado anapimwa kwa maboksi ya mwezi, kana kwamba kalamu ya daktari bado ndiyo yenye neno la mwisho. Vigezo vya maadili vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1988 vilishasema kwamba sehemu kubwa ya malipo ya mwakilishi isifungwe moja kwa moja na kiasi anachouza, na kwamba asitoe vishawishi kwa waandika dawa na watoa dawa. Ukimbana mtu kwa namba asizoweza kuzifikia kwa njia halali, usishangae bahasha ikianza kutembea. Gharama ya bahasha hiyo huishia kwenye pindo la khanga la mama yetu.

Kwa mgonjwa nina maneno machache. Ukiambiwa uongeze hela, uliza kama ipo dawa ileile ya kampuni nyingine ambayo bima inailipa. Panadol ni jina la kibiashara, dawa yenyewe ni parasetamo. Na kama dawa inabadilishwa kuwa nyingine kabisa, daktari wako apigiwe kwanza.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na kadiri wanachama watakavyoongezeka ndivyo vyeti vingi zaidi vitakavyopita kwenye orodha. Wajanja wameshaanza kujipanga. Majuzi nilikutana Kariakoo na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mwakilishi, jasho linamtoka kati ya maduka ya jumla. Nikamwomba anionyeshe mkoba. Hakuwa na sampuli hata moja. Alikuwa na jedwali linalolinganisha bei yake na ya kitita, na karatasi ya wadeni: hospitali zinazongoja kulipwa na bima ndipo zimlipe mwenye duka, na mwenye duka ndipo ailipe kampuni yake. "Mwalimu," akaniambia, "asubuhi nauza, mchana nadai."